Mbwa Aitwaye Tutaonana

Juzi nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikichagua ndizi za kupika, mvua ikashuka ghafla. Sote tuliokuwa karibu tukajibanza chini ya karatasi ya nailoni ya muuza ndizi, na mbwa mmoja wa sokoni, mwekundu, mbavu nje, akajipenyeza katikati yetu akajikung'uta. Wanawake wakaruka pembeni wakilalamika. Mimi sikuruka. Ile harufu ya manyoya mabichi, kama gunia lililosahaulika nje usiku kucha, ilinichukua mpaka kwenye mteremko wa juu ya Kebirigo, likizo ile niliyokaa kwa mama yake baba. Sijawahi tena kuishi na watu huku nikiwashuku kiasi kile. Nao walinishuku mimi vilevile, ila hilo wakati ule halikunipitia akilini.

Mimi ni mtoto wa mjini Kisii, wa nyumba za Waislamu. Babu mzaa mama aliuza vitambaa, na wajomba wakarithi duka. Baba alitoka Nyamira. Alikuja mjini akiwa utingo wa lori, akampenda mama, akasilimu, akaitwa Yusufu. Kwao aliendelea kuitwa Ombati. Nilipokuwa darasa la tatu alipatwa na homa ambayo hakuinuka nayo. Kwa desturi yetu maiti haicheleweshwi: alikata roho alfajiri, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshazikwa katika makaburi ya Waislamu. Kwa desturi ya kwao mtu huzikwa nyumbani kwake, karibu na migomba yake, baada ya jamaa wote kufika na kumwona uso. Mama yake alifika jioni, miguu imejaa matope, akakutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini wakipangusa udongo viganjani. Nakumbuka kwamba hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, kana kwamba anataka kujua ni nani kati yetu amemficha mtoto wake.

Ulipita mwaka bila mtu wa upande huu kwenda upande ule. Kisha bibi akatuma ujumbe: apewe mtoto walau likizo moja ya mwisho wa mwaka. Mama alikubali. Kaka yake, Mjomba Hamisi, hakukubali, lakini mama alipokaza neno hakuna aliyeweza kulilegeza. Basi mjomba akaninunulia viatu vya mpira, na tulipokuwa tukingoja gari akanipa mawaidha.

"Usile nyama yao, hujui nani kachinja na kachinja vipi. Usiguse mbwa. Wakikupa jina jingine usiitike. Na ukiona kitu kimefungwa kwenye kitambaa kikapelekwapelekwa, ujue kuna jambo. Sikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Nilifika kwa bibi nikiwa na macho ya askari wa getini. Watu wa kule humwita bibi Magokoro, na mimi nilianza kumwita hivyo kwa sababu lile neno halikuwa na utamu wowote mdomoni mwangu. Alinishika uso kwa mikono yake miwili, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani chai, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga kama mtu anayekagua sufuria kama inavuja.

"Kwamboka," akasema.

Sikuitika. Hilo ndilo jina jingine, nikajiambia. Limekuja hata kabla ya chai.

Halafu wakaja mbwa. Walikuwa wawili, wa Baba mdogo Nyakundi, kitindamimba wa Magokoro, mwanaume mrefu asiyeoa ambaye kanisani alionekana siku za mazishi tu. Mmoja alikuwa jike jembamba lenye hila, jina lake Popi. Wa pili alikuwa dume jekundu, sikio moja limechanika, akiitwa Tutaonana. Nyakundi alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani wa chini, na kwa vile mzee wa kijiji aliwakataza kutukanana, alimpa mbwa jina lile. Asubuhi na jioni alisimama kwenye ua akapaza sauti upande wa jirani: "Tutaonana! Tutaonana!" Nani angemshtaki mtu anayeita mbwa wake?

Jirani huyo alikuwa na binti wa rika langu, Moraa. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiswahili kizuri cha shule, hivyo ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yangu mlimani. Siku ya kwanza tulipokuwa tunacheza aliona nyoka wa majani akapiga yowe: "Baba! Baba!" Akaja mama yake mbio. Nilikasirika. Niliona kwamba ananidhihaki, anaita baba makusudi mbele ya mtoto asiye na baba, na mama yake anamsaidia. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba kwa lugha yao baba ndiye mama, na baba mwenyewe huitwa tata. Hata baada ya kuelewa niliendelea kuhisi kwamba lugha inayofanya hivyo haiwezi kuwa na nia njema.

Hata ndege wa kule niliwaonea mashaka. Nyinyi mliokulia mjini mnajua ndege wetu: kunguru, na mwewe wa kwenye machinjio, basi. Kule mlimani ndege waliamka kabla ya watu na walikuwa na kelele za watu. Kulikuwa na kwarara, wale wakubwa wa kijivu wenye mdomo kama mundu, waliopita juu ya bati wakipiga mayowe. Asubuhi ya kwanza nilidhani kuna mwanamke anapigwa. Kulikuwa na hua. Bibi yangu wa mjini alinifundisha kwamba hua anapolia anamtaja Mungu, tena hachoki. Nikamwambia Magokoro hivyo kupitia kwa Moraa. Magokoro akacheka kidogo, akasema hua anawaambia wanawake waamke wakapalilie, na kwamba hajawahi kusikia akisema kitu kingine. Tukabishana mimi na Moraa mpaka tukanuniana, kila mmoja akidai yule ndege ni wa kwao. Na kulikuwa na kwale, ambao sikuwaona bali niliwasikia ndani ya michai, mapema, wakikwaruza kama mtu anayekomba ukoko wa ugali kwa kijiko. Nyakundi akiwasikia alisimama kimya, na mbwa wake nao wakasimama, masikio juu. Nilimtazama nikiwa dirishani. Kuna alfajiri alitoka na gunia mkononi bila kuaga, akarudi gunia lina damu. Aliponiona alilificha nyuma ya mguu. Siku hizi naelewa kwamba uwindaji una sheria zake na alimwogopa chifu. Siku zile nilijua tu kwamba kuna mwanaume anaficha damu.

Nilikula mboga. Nilikula chinsaga, yaani mgagani mchungu, ndizi, parachichi, ugali wa wimbi mweusi kama udongo. Ijumaa Magokoro alipika vya siku mbili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na jiko haliwashwi. Nyumba ilikuwa kimya siku hiyo hadi nikasikia bati likilia kwa jua. Alivaa gauni jeupe akaenda kanisani. Mimi sikuulizwa kwenda, na hilo nalo nililitilia shaka. Kwa nini hawanilazimishi? Wana mpango gani mwingine?

Mpango niliuona wiki ya pili. Asubuhi moja Magokoro alimshika kuku, akamfunga miguu, akamviringisha kwenye kitambaa, akamweka kikapuni na kumfunika kwa jani la mgomba. Aliangalia huku na huku. Akaniona.

"Wewe baki," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi narudi."

Alirudi mchana. Kuku alikuwa kikapuni, ameshakufa, shingo imekatwa, damu imeganda. Akamnyonyoa bila neno, akampika kwa kitunguu hadi ua mzima ukanukia, akanipa paja.

"Kula. Hii kuku iko sawa."

Kwa nini mtu mwenye kisu nyumbani achukue kuku akiwa hai, amfiche, ampeleke mahali, amrudishe maiti? Nilimwuliza Moraa. Moraa alifikiri, akaangalia nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba wako watu juu ya mlima ule ambao mtu akitaka mgeni asiondoke huwaendea na kuku. Wanamsemea maneno. Ukimla unasahau kwenu.

"Unasahau mama?"

"Kabisa. Hata sura."

Sasa mnaelewa kwa nini lile paja sikulila. Nililishika, nikajifanya natafuna, na Magokoro alipogeukia jiko nikalishusha chini ya kiti. Tutaonana alikuwa pale. Alilichukua kwa adabu, bila kugonga meno. Kuanzia hapo kila kuku aliyekwenda kikapuni na kurudi aliishia kwa Tutaonana, na kila jioni nilijilaza nikijipima kama bado naikumbuka sura ya mama. Niliikumbuka. Basi nikaona njia yangu ni nzuri.

Shida ilikuwa mbwa mwenyewe. Aliamua kwamba mimi ni mtu wake. Alinifuata kisimani, alinifuata chooni, alilala mlangoni kwangu. Akinilamba mguu nilipiga kelele, nikakimbilia kijito nikajiosha kama nilivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani kuhusu mate ya mbwa, mara saba, moja kwa udongo. Aliponilamba tena, nikaosha tena. Siku moja niliinua macho nikamwona Magokoro amesimama juu ya ukingo na jembe lake, ananitazama nikijipaka matope mguuni huku nahesabu kwa sauti. Uso wake ulikuwa na hofu. Baadaye sana, nilipokuwa mtu mzima, alinieleza alivyofikiri: kwamba watu wa mjini wamenifunga kwa uganga wa maji na matope, na kwamba nikimaliza kuhesabu jambo baya litaipata nyumba yake. Alikwenda akaomba. Aliomba mchungaji wake pia aombe. Mimi namwogopa yeye, yeye ananiogopa mimi, na mbwa katikati ananenepa.

Siku ya soko Magokoro alichukua kuku mwingine. Niliona kitambaa, niliona jani la mgomba, na nikaamua kwamba leo nitajua. Niliacha atangulie hadi alipopinda kwenye ua wa jirani, nikamfuata. Njia ilipita katikati ya michai, na mimi ni mfupi, sikuonekana. Sikugundua kwamba Tutaonana anakuja nyuma yangu hadi tulipotokea barabarani. Nilimfukuza kwa mawe madogo. Akakaa chini, akangoja nimalize, akanifuata.

Kebirigo ilikuwa imejaa watu, mikungu ya ndizi imelazwa kando ya barabara, mbuzi, matope. Magokoro hakuingia sokoni. Alizunguka nyuma ya maduka, akapita uchochoro wenye maji machafu, akasimama mbele ya mlango wa mbao uliopakwa kijani. Akatoa kitambaa kingine kifuani, akajifunika kichwa vizuri, hadi nywele zote zikapotea. Mwanamke yule wa Kisabato, ambaye nyumbani alifunga kilemba kidogo cha shamba, alijifunika kama mama yangu. Akabisha.

Alitoka mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia, mwenye mkahawa mdogo pale mbele. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Mzee Abdi. Alipokea kuku, akachukua kisu, akajigeuza. Nilijua anajigeuza kuelekea wapi kabla hajamaliza kugeuka. Akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," kwa sauti ileile ya babu yangu, akachinja.

Ningeondoka. Nilikuwa tayari nimegeuka. Lakini Tutaonana alimwona Magokoro akamkimbilia akitingisha mkia mzima, na mzee akainua macho akaniona nimeshikilia nguzo ya ua.

"Na huyu je?"

Magokoro aligeuka. Alisema kitu kwa Kigusii ambacho sikuelewa, kisha akafunika mdomo.

"Assalaam alaikum, binti," akasema Mzee Abdi.

Sikuwa nimesikia salamu ile tangu nitoke nyumbani. Niliitikia, na kabla sijamaliza kuitikia nikaanza kulia, kile kilio cha mtoto kinachokata pumzi. Mzee akaniketisha juu ya kreti ya soda, akaniletea chai, akamaliza kazi yake bila haraka.

"Bibi yako alipokuja mara ya kwanza nilidhani amechanganyikiwa," akaniambia. "Mama wa Kisabato, na kuku wake, anataka achinjiwe na Mwislamu. Nikamwuliza, mama, kwa nini? Akasema, nina mgeni. Mtoto wa mwanangu. Hali nyama yetu, na sitaki alale njaa kwa sababu yangu."

Nilimtazama Magokoro. Alikuwa anakwaruza matope kwenye kiatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikikwambia, utasema nakudanganya," akasema. "Na watu wa kanisa wakijua, watasema nimesilimu kama baba yako. Nikaona heri ninyamaze. Mradi unakula."

Mzee Abdi alimwangalia Tutaonana, mgongo unang'aa, tumbo limejaa. Akaniangalia mimi, mkono mwembamba kama ufagio. Nadhani alikuwa na wajukuu.

"Binti, unakula kweli?"

Niliificha mikono ndani ya gauni. Magokoro naye akamwangalia mbwa. Nikaona lile jambo likimwingia polepole. Nilidhani atanipiga. Badala yake alikaa chini palepale kwenye ngazi, akacheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Kumbe nachinjia mbwa halali!" akasema. "Mlima wote huu natembea, kwa ajili ya Tutaonana!"

Kabla hatujaondoka aliuliza swali lililokuwa likimkaa moyoni. Mwanawe anawinda kwale kwa mbwa. Je, kwale aliyekamatwa na mbwa, mtoto huyu anaweza kula? Nilitaka kumjibu mimi kwamba haiwezekani hata kidogo, lakini mzee alinizuia kwa kidole.

"Mbwa huyo akikamata, anakula mwenyewe au anamletea bwana wake?"

"Huyu analeta. Popi anakula."

"Basi wa Popi mwachieni Popi. Wa huyu, kama ametumwa kwa jina la Mungu, ni halali. Osheni vizuri pale alipouma. Lakini lazima aliyemtuma amtaje Mungu wakati wa kumwachia."

Usiku ule nililala nimeshiba kuku kwa mara ya kwanza. Tutaonana alikaa chini ya kiti changu hadi sahani ikaisha, akaniangalia kama mtu aliyefutwa kazi.

Nyakundi alipoelezwa alikuna kidevu. Yeye hakuwa mtu wa kumtaja Mungu alfajiri, alisema, lakini kama mtoto anaweza kufanya kazi hiyo basi na aje. Ndipo nikaanza kwenda nao. Tulishuka bondeni umande ukiwa bado mzito kwenye michai, viatu vyangu vya mpira vikilia kwa maji, Nyakundi mbele na rungu lake, mbwa kimya kama watu wanaokwenda mazishini. Kwale wakianza kukwaruza alipiga goti, akamshika Tutaonana shingoni, akaninong'oneza:

"Haya. Sema neno lako."

"Bismillahi, Allahu Akbar!"

Akamwachia. Michai ikafunguka kama maji, kisha mrindimo wa mabawa, ndege wa kahawia wakiruka kila upande, na moyo wangu nao. Mara nyingi tulitoka mikono mitupu. Mara nyingine Tutaonana alirudi kichwa juu, kwale kinywani, akamweka miguuni mwa Nyakundi akarudi nyuma. Nilianza kumpenda baba mdogo asubuhi hizo. Alitembea kama baba, bega moja chini. Sikumwambia mtu. Nilihofu kwamba huko ndiko kusahau alikokutaja Moraa, kwamba kumeanza kwa mlango mwingine.

Habari husafiri. Mtu mmoja wa Kebirigo alikwenda mjini akamwambia mwingine, na ilipofika dukani kwa Mjomba Hamisi ilikuwa imeota mikia: kwamba mtoto wa Yusufu analala na mbwa, anawinda, anaitwa Kwamboka na anaitika. Alasiri moja nilikuwa nimeketi uani, Tutaonana ameweka kichwa kwenye goti langu, Nyakundi anachoma kwale. Nikaona viatu vyeusi vya mjini vinashuka njia ya matope.

Mjomba alisimama. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akautazama moto.

"Kusanya nguo zako," akasema.

Magokoro alitoka jikoni, akajifuta mikono. Alimkaribisha kwa heshima zote, kiti kikaletwa, maziwa ya mgando yakaletwa kwenye kibuyu. Mjomba hakutaka kuketi, lakini mtu hawezi kumkatalia mama mkwe wa dada yake mbele ya watu. Aliketi ukingoni mwa kiti. Alipokea kikombe, na kwa mazoea ya maisha yake yote akasema kabla ya kunywa:

"Bismillahi."

Tutaonana aliruka kutoka gotini kwangu kama risasi, akavuka ua, akatumbukia kwenye michai akitafuta kwale.

Maziwa yakamwagikia suruali ya mjomba. "Huyu mbwa mmemfanya nini?" Alikuwa amesimama, sauti imepanda. "Mnaichezea dini yetu? Mmemroga mbwa kwa jina la Mungu?"

Nyakundi alicheka, na hiyo haikusaidia. Ikabidi niseme mimi. Nilieleza yote kwa pumzi moja: kuku, kikapu, mlango wa kijani, Mzee Abdi, mbwa anayeleta na mbwa anayekula, kuosha pale palipoumwa. Mjomba alisikiliza akinikazia macho kama mtu anayeangalia noti kwenye mwanga.

"Mzee Abdi gani?"

"Wa Kebirigo. Kamuulize."

"Nitamuuliza." Akaketi tena. Alipangusa suruali kwa muda mrefu. "Jambo la mbwa lina wasomi wake," akasema hatimaye, "sitabishana nalo hapa. Lakini mtoto naondoka naye. Mmeanza na jina, mtamaliza na nini? Mnataka abaki."

"Nataka," akasema Magokoro.

Hakuna aliyetarajia jibu hilo. Moto ulikuwa unalia kwa mafuta ya kwale.

"Nataka abaki, lakini sitamshika," akaendelea. Alizungumza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Mimi naye nikuulize, mkwe. Mwaka huu mzima najiuliza peke yangu. Mlikuwa mnaficha nini? Mtu wenu alinikuta kwa shamba ya chai. Sikuenda hata nyumba. Nilikimbia na kapu mgongoni hadi barabara. Nikafika, nikapata mmefunga mchanga. Mwanangu alikuwa na nini kwa uso, mkaona nisione?"

Nadhani ndiyo mara ya kwanza Mjomba alijua kwamba yeye pia ameshukiwa.

"Hakuwa na chochote, mama," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Alikuwa kama amelala. Kwetu maiti haingoji. Ni hilo tu. Wallahi ni hilo tu."

"Basi nionyeshe mahali."

Alisita. Niliona anavyopima: mwanamke wa kijijini, kaburi, vilio, labda kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Pale kwetu hatulii kwa sauti. Wala hatupandi kitu, wala hatufukii kitu juu yake."

"Nimesikia."

Tuliondoka kesho yake asubuhi, watatu. Mama, aliyekuwa amepelekewa habari, alitungojea kwenye geti la makaburi. Walishikana mikono, mama na Magokoro, kisha mama akavua mtandio wake mmoja akamfunga mkwewe kichwani, akamchomekea pembeni kama anavyonifanyia mimi. Mjomba alitangulia, akatuonyesha. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu, nyasi zimeanza, jiwe kichwani bila maandishi. Alisimama hatua chache kando, macho yake kwenye mikono ya Magokoro.

Magokoro alipiga magoti. Hakulia kwa sauti. Alitandaza kiganja juu ya tuta, akaegemea, akaanza kusema kwa Kigusii, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Alisema kwa muda mrefu. Mjomba alijua Kigusii cha dukani tu, salamu na bei. Alinisogelea.

"Anasema nini?" akaninong'oneza. "Anaapiza?"

Likizo ile ilikuwa imenifungua masikio.

"Anamwelekeza nyumbani," nikasema. "Anamwambia akitoka hapa ashike barabara ya Nyamira. Aipite Nyamira, akifika Kebirigo asipitilize, ashuke na njia ya kwenye chai. Anasema mkaratusi wa njia panda ulikatwa, asiutafute. Anasema mlango wa nyumba ameubadilisha, sasa unatazama juu mlimani. Kuna mbwa wasiomjua lakini hawaumi. Anasema ng'ombe alizaa. Anasema mtoto anakula."

Katika dini yetu hilo halipo, na mjomba alikuwa mtu wa kusema pale palipokosewa. Alingoja mpaka Magokoro alipomaliza, kisha akainua viganja vyake mbele ya kifua, midomo ikaanza kutembea. Magokoro, akiwa bado chini, alimtazama kwa jicho la pembeni, akanivuta gauni.

"Na huyu," akauliza kwa Kigusii, "anamwambia nini mtoto wangu?"

"Anamwombea."

Alimkodolea macho hadi mwisho wa dua, asikose hata mtikisiko mmoja wa mdomo. Mjomba alipojipangusa uso, Magokoro akasema, "Amina," kwa sauti kubwa kuliko sote.

Tukaondoka. Mama alimshika mkono, mimi nikafuata nyuma. Karibu na geti niligeuka, kwa sababu sikusikia viatu vya mjomba. Alikuwa amerudi kwenye tuta. Alikuwa amechutama pale alipopiga magoti bibi yangu, ameinamisha kichwa, anachunguza udongo kwa ncha ya kidole, akitafuta uzi, au kitambaa, au chochote kilichofukiwa. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na kiganja tu, kimezama kwenye udongo mwororo, vidole vyote vitano. Aliinua mkono kana kwamba ataufuta ule uso wa tuta uwe sawa. Akaushusha. Akasimama, akapangusa kidole, akaja polepole, akazunguka upande wa pili ili asikanyage pale.